Siku tano, Maceió hadi Recife: kupanda Serra da Barriga kwa ajili ya 20 Novemba

Jumanne, 17 Novemba. Kutua Maceió

Uwanja wa ndege wa Maceió, mji mkuu wa jimbo la Alagoas, umepewa jina la Zumbi dos Palmares, kiongozi wa mwisho wa Palmares, dola ya watu waliotoroka utumwa kaskazini-mashariki mwa Brazil. Aliuawa tarehe 20 Novemba 1695, na siku hiyo ndiyo Dia da Consciência Negra, Siku ya Mwamko wa Watu Weusi. Ratiba hii ni ya mwaka 2026, ambapo tarehe hiyo inaangukia Ijumaa. Maana yake ni wikiendi ndefu, mabasi yaliyojaa, na vyumba vichache vya União dos Palmares, mji ulio chini ya Serra da Barriga, mlima yalipokuwa makao makuu ya Palmares, kuisha mapema. Weka nafasi miezi miwili au mitatu kabla.

Kutoka Afrika Mashariki njia nyepesi ni Addis Ababa hadi São Paulo, uwanja wa Guarulhos, kisha ndege ya ndani ya kama saa tatu hadi Maceió. Hapo Guarulhos ndipo wengi hukwama: hata kama begi limeandikiwa Maceió, unalichukua mwenyewe, unapita nalo forodhani, kisha unalirudisha kwenye kaunta ya ndege za ndani. Chini ya saa tatu kati ya ndege mbili ni kujitafutia kulala kiwanjani. Mambo ya viza yamalizeni kwenye ubalozi wa Brazil, Dar es Salaam au Nairobi. Chanjo ya homa ya manjano ichomwe angalau siku 10 kabla ya kuondoka, na cheti kisiachwe kwenye begi kubwa, kwa sababu watakaokiuliza kwa ukali ni maofisa wa nyumbani siku ya kurudi, ukitokea nchi yenye homa hiyo.

Saa ya mkononi usiigeuze. Alagoas iko saa sita nyuma ya Nairobi, kwa hiyo saa ya mshale iliyoachwa kwenye majira ya kwetu inakuonyesha saa ya Kiswahili ya huko bila hesabu yoyote: saa za ukutani zikisema 7:00, mshale wako uko kwenye moja, nayo ni saa moja asubuhi. Ila jua halifuati mazoea yetu. Maceió iko mashariki mno ndani ya majira yake, hivyo mwezi Novemba linachomoza kabla ya saa kumi na moja alfajiri na kuzama karibu saa kumi na moja na nusu jioni. Anayepanga kuanza mlima saa tatu amechelewa.

Pesa: karibu kila mchuuzi anapokea Pix, mfumo wa kutuma pesa kwa simu ulioanza 2020 na kuenea kama M-Pesa ilivyoenea kwetu. Mgeni asiye na akaunti ya Brazil kwa kawaida hawezi kuutumia. Toa noti kwenye mashine ukiwa bado Maceió na uombe ndogondogo, za reali 5, 10 na 20. Tikiti za basi kwenye mitandao mingi zinadai CPF, namba ya mlipakodi. Usihangaike nayo. Nenda kituo kikuu cha mabasi, mtaa wa Feitosa, ukanunue dirishani kwa pasipoti. Nunua leo leo ya Alhamisi kwenda União dos Palmares na ya Jumamosi kwenda Recife.

Jumatano, 18 Novemba. Maceió, Rua do Sol

Siku ya jumba moja tu, nalo linatosha. Instituto Histórico e Geográfico de Alagoas, katikati ya mji, linahifadhi Coleção Perseverança: vitu kama 200 vya ibada ya orixá, yaani miungu yenye asili ya Afrika: mataji, silaha za shaba, sanamu, shanga na vyombo vya madhabahu. Piga simu kabla ya kwenda, na uende siku ya kazi.

Vitu hivi havikutolewa zawadi na mtu. Usiku wa kuamkia 2 Februari 1912, genge lenye silaha lililojiita Liga dos Republicanos Combatentes lilivamia nyumba za ibada za Maceió, zinazoitwa huko xangô, moja baada ya nyingine. Sababu ya juujuu ilikuwa siasa: gavana Euclides Malta alidaiwa kulindwa na makuhani wa orixá. Mama mkuu wa nyumba mojawapo, Tia Marcelina, alipigwa na kujeruhiwa. Ngoma zilichomwa, na vitu vilivyopendeza macho vikatembezwa barabarani kwa kejeli kabla ya kuwekwa kwenye maonyesho. Kwa miaka mingi baadaye watu wa Alagoas waliabudu bila ngoma, kwa sauti ya chini na makofi mepesi, majirani wasisikie. Serikali ya jimbo iliomba radhi rasmi mwaka 2012, miaka 100 baadaye.

Tunaiweka siku hii kabla ya mlima kwa makusudi. Atakayesikia ngoma Ijumaa zikipigwa wazi mbele ya polisi na mawaziri aelewe kwamba katika jimbo hilihili zilikuwa kosa.

Na tarehe yenyewe ina safari yake. Kwa vizazi kadhaa shule za Brazil zilisherehekea 13 Mei, kwa sababu siku hiyo mwaka 1888 Binti Mfalme Isabel alitia saini sheria ya kufuta utumwa. Mwaka 1971, huko Porto Alegre, kusini kabisa mwa nchi, kikundi cha weusi kilichojiita Grupo Palmares, mshairi Oliveira Silveira akiwamo, kiliikataa tarehe hiyo. Waliona inamshukuru aliyeshika kalamu na kuwasahau walioachiwa bila shamba, bila ujira, bila shule. Wakachagua siku aliyokufa mtu ambaye hakungoja kuachiwa, wakaiadhimisha mara ya kwanza tarehe 20 Novemba mwaka huohuo, ukumbini katika klabu ya watu weusi ya Marcílio Dias. Utawala ulikuwa wa kijeshi wakati huo, na mkutano wa namna hiyo haukuwa jambo dogo. Mwaka 1978 vuguvugu la taifa la watu weusi likaichukua tarehe. Sheria namba 10.639 ya 2003 ikaiingiza kwenye kalenda ya shule pamoja na somo la lazima la historia ya Afrika na ya Wabrazili weusi. Sheria ya 2011 ikaitambua, lakini bila mapumziko, kwa hiyo ilibaki siku ya kazi isipokuwa kwenye majimbo sita, Alagoas likiwamo, na miji zaidi ya elfu moja iliyoamua yenyewe. Sheria namba 14.759 ya 21 Desemba 2023 ndiyo iliyoifanya sikukuu ya nchi nzima, na 2024 ikawa mara ya kwanza kwa Brazil yote kufunga ofisi kwa ajili ya Zumbi. Kutoka ukumbi wa klabu hadi hapo ni miaka 53.

Jioni kula sururu, kome wadogo wa ziwa la Mundaú, wakipikwa kwa tui la nazi. Mtu wa pwani hatajiona mgeni mezani.

Alhamisi, 19 Novemba. União dos Palmares, mpando wa kwanza

Panda basi la kwanza la asubuhi. Ni kama kilomita 80, na dirishani kuna miwa, miwa, na miwa tena. Usilale. Palmares haikuota mahali pasipo na watu: ilikua nyuma ya mashamba haya, tangu mwisho wa karne ya 16, kwa watu waliokimbia viwanda vya sukari vya Pernambuco, jimbo ambalo Alagoas ilikuwa sehemu yake zamani hizo. Wengi walitoka Angola na Kongo. Waliotoka upande wetu wa bara, Wamakua na jirani zao waliopakiwa Quelimane na Kisiwa cha Msumbiji, waliletwa kwa wingi baadaye sana, karne ya 19, na zaidi waliteremshwa Rio de Janeiro. Kwa hiyo anayetafuta jamaa zake wa Ruvuma aende Rio. Hapa ni nyumba ya Wabantu wa magharibi.

Ukishuka, acha mizigo unakolala na upande mlima leo. Hili ndilo shauri tunalolisisitiza kuliko yote: Serra da Barriga ipandwe mara mbili, mara ya kwanza kuona, mara ya pili kushiriki. Wanaokuja tarehe 20 peke yake huona migongo ya watu na jukwaa.

Kutoka mjini hadi juu ni kama kilomita 9, na kilele kiko karibu mita 500 kutoka usawa wa bahari. Kwa miguu weka saa mbili na nusu hadi tatu. Kwa mototáxi, yaani bodaboda, ni safari fupi. Mambo matatu na dereva kabla ya kupanda: bei ya kwenda na kurudi, saa ya kukufuata, na kofia ya chuma. Asiye na kofia ya pili usipande naye, maana ni kosa la barabarani na kona za juu ni kali. Mvua ikiwa imenyesha usiku, uliza hali ya mpando mjini kwanza. Kila mtu abebe maji lita 1.5, kofia pana, na viatu vilivyofunga kidole. Mtandao wa simu usiutegemee.

Juu kuna Parque Memorial Quilombo dos Palmares, iliyofunguliwa 2007. Majengo yote ni ya kuigiza, wala usidanganywe: fito, udongo na makuti, yaliyojengwa upya kuonyesha Macaco, makao makuu ya Palmares, yalivyoweza kuwa. Kilicho halisi ni ardhi, ambayo serikali iliiweka chini ya ulinzi wa urithi wa taifa miaka ya 1980. Uchimbaji wa kitaalamu miaka ya 1990 ulitoa vigae vingi vya vyungu vya wenyeji Waindio, na hapo ndipo unapoelewa kwa nini ndani ya hifadhi kuna pia nyumba za Kiindio. Quilombo, yaani makazi ya waliotoroka utumwa, haikuwa ya weusi peke yao.

Fuata mzunguko huu. Anza kwenye Lagoa Encantada, ziwa dogo chini ya miti, kabla watu hawajalizunguka. Maji juu ya mlima ndiyo sababu ya kwanza ya watu kuweza kukaa huku miaka mingi. Kisha nyumba ya unga wa muhogo. Angalia vifaa kwa mpangilio wa kazi: pa kumenya, gurudumu la kukunia, shinikizo, chekeche, na tanuri bapa la kukaangia. Muhogo uliotumika ni mchungu, wenye sumu. Ukikunwa na kukamuliwa kwa nguvu, sumu nyingi hutoka na maji, na iliyobaki humalizwa na moto. Maji yenyewe yakiachwa yatulie huacha wanga mweupe chini, ndio goma inayofanya tapioca, chapati nyeupe ya wanga huo. Kosa la kawaida la mwanagenzi ni kukamua kidogo: unga unashikana vibonge tanurini, nje umeungua na ndani mbichi. Unga uliokauka vizuri hukaa miezi, nao ndio uliowezesha kuhimili kuzingirwa.

Malizia kwenye minara ya walinzi, na hapo tumia muda. Ukitazama bonde la Mundaú utaona kwa nini misafara ya Wareno na Waholanzi ilishindwa mara nyingi: kila anayekuja anaonekana tangu mbali. Ukigeukia upande wa genge, yaani poromoko la mlima, utaona pia kilichowaangusha. Mwanzoni mwa 1694 Domingos Jorge Velho, mkuu wa wawindaji watumwa kutoka São Paulo, alileta askari na mizinga, akajenga ua wake wa miti ukikaribia boma la Macaco. Usiku wa Februari waliozingirwa walijaribu kupenya kwenye nafasi nyembamba iliyobaki kati ya ua huo na genge. Wengi walianguka humo, wengine walikatwa wakikimbia, na Macaco ikateketezwa.

Waongoza wageni wana mengi ya kusimulia na wengi ni wazuri. Chuja tu. Kwamba Zumbi alilelewa na padri na kubatizwa Francisco ni habari ya mwandishi mmoja wa karne ya 20, na barua alizozitaja hazijaonwa na wengine. Dandara, anayeitwa mke wake na kamanda, hayumo kwenye hati za zamani. Hata hivyo 2019 jina lake liliandikwa katika kitabu cha taifa cha mashujaa, na wanawake weusi wa leo wana haki ya kumshikilia. Ganga Zumba, aliyetangulia, yumo kwenye hati bila shaka: mwaka 1678 alikubali amani na gavana wa Pernambuco, kwa sharti kwamba watakaoachwa huru ni waliozaliwa Palmares tu. Waliobaki wangerudishwa kwa mabwana. Zumbi alikataa mkataba huo, na ugomvi wa sikukuu hii tangu 1971 umo ndani ya sharti lile.

Alasiri teremka hadi Muquém, kijiji cha wazao wa quilombo nje kidogo ya mji, kinachojulikana kwa ufinyanzi. Mfinyanzi mashuhuri zaidi wa hapo, Dona Irinéia, anatambuliwa na jimbo kuwa hazina hai, na vichwa vyake vya udongo vimefika mbali. Mafuriko ya 2010 yalikiharibu kijiji, na watu waliookoka kwa kukaa juu ya mfenesi wameingia kwenye kazi zake. Ukinunua, gonga kwa ukucha usikilize: sauti ya kengele ni kichwa kilichoiva, sauti ya kufifia ina ufa au moto haukutosha. Funga kila kimoja kwa nguo na kibebwe mkononi.

Muquém si maonyesho. Katiba ya 1988 iliahidi hati za ardhi kwa jamii za quilombo, Fundação Cultural Palmares, taasisi ya serikali, inazitambua, na shirika la ardhi la serikali ndilo linalotoa hati. Hatua hiyo ya mwisho ndiyo hukwama. Sensa ya 2022, ya kwanza kuwahesabu, ilipata zaidi ya watu milioni 1.3, na wanaoishi kwenye ardhi yenye hati kamili hawafiki 5 kati ya 100.

Ijumaa, 20 Novemba. Mpando wa pili

Ondoka saa kumi usiku, giza likiwapo. Watu wa terreiro, yaani nyumba za ibada za orixá, hupanda mapema, na alfajiri yao ndiyo moyo wa siku. Ijumaa ni siku ya orixá aitwaye Oxalá, nao huvaa nyeupe, kwa hiyo mwaka huu mavazi meupe yatakuwa mengi kuliko kawaida. Vaa nyeupe nawe, mabega na magoti yamefunikwa. Salimu wakubwa kwanza, ukiomba baraka: "A bênção." Sadaka zilizowekwa chini ya mti au kando ya maji haziguswi wala kurukwa. Aliyeshukiwa na orixá hapigwi picha, na kwa wengine omba ruhusa kwa kumwonyesha kamera. Kinachoharibu siku hii kila mara ni simu zilizoinuliwa.

Kuanzia saa mbili asubuhi mambo hubadilika. Mabasi ya shule, wanasiasa, makundi ya capoeira (mchezo wa mapigano unaochezwa kwa muziki), ya afoxé (ngoma za ibada zinazopigwa barabarani) na ya coco de roda, wote kwenye uwanda mmoja. Jiweke karibu na coco: ni ngoma ya Alagoas yenyewe, ya kukanyaga kwa kisigino, na mduara hukaribisha mgeni anayeshika mdundo. Kwenye roda, yaani mduara, ya capoeira usijitupe ndani. Kaa ukingoni, piga makofi, itikia, na ungoje kuitwa.

Hotuba ni ndefu, lakini zina vitu vya kusikiliza: kiwango cha weusi wanaouawa na polisi, ardhi, na mgao wa nafasi vyuoni. Sheria ya 2012 inatenga nusu ya nafasi za vyuo vikuu vya serikali kuu kwa waliosoma shule za umma, na ndani yake mafungu ya weusi, machotara na Waindio kwa kadiri ya idadi yao katika jimbo. Msamiati wa rangi humchanganya mgeni. Sensa inatenganisha preto (mweusi), asilimia 10.2 mwaka 2022, na pardo (chotara), asilimia 45.3, ilhali wanaharakati huwajumlisha wote wawili kuwa negro. Usimwite mtu kwa neno ambalo hajajiita mwenyewe.

Kula kabla ya saa tano, foleni haijakua: tapioca ya nazi, mahindi ya kuchemsha, maji ya miwa. Teremka kabla ya saa saba mchana, au ungoje hadi saa kumi. Katikati ya saa hizo wanaoshuka na wanaopanda hukutana kwenye kona na magari husimama. Mabasi ya kurudi Maceió siku ya sikukuu ni machache, kwa hiyo lala União.

Jambo moja ambalo watu wengi hulikosea hapo juu: Zumbi hakufia kwenye mlima huu. Aliponyoka Macaco ilipoanguka, akapigana zaidi ya mwaka na nusu, mpaka mwenzake aliyekamatwa, Antônio Soares, alipowaonyesha askari maficho yake. Simulizi ya Alagoas huyaweka maficho hayo Serra Dois Irmãos, upande wa Viçosa.

Jumamosi, 21 Novemba. Recife

Rudi Maceió kwa gari la kwanza, kisha basi la Recife, kama kilomita 260, saa nne hadi tano. Pasipoti iwe mkononi, kwani jina kwenye tikiti hulinganishwa.

Nenda moja kwa moja Pátio do Carmo, mbele ya kanisa la Wakarmeli. Hapa ndipo kichwa cha Zumbi kilipowekwa juu ya mti. Gavana Caetano de Melo e Castro alimwandikia mfalme wa Ureno mwezi Machi 1696 akieleza sababu mbili: kuwaridhisha walioathirika, na kuwatisha weusi waliokuwa wakiamini kwamba mtu huyo hafi. Pana kumbukumbu ya Zumbi hapo sasa, katikati ya wachuuzi wa chaji za simu. Pátio de São Pedro uko hatua chache, pamoja na sanamu ya Solano Trindade, mshairi mweusi wa Recife, na kanisa la Rosário dos Homens Pretos, la undugu wa watu weusi, haliko mbali. Fanya yote mchana. Wikiendi mitaa hii huachwa tupu maduka yakifungwa, na mgeni mwenye kamera hapaswi kuwa peke yake.

Kwa kurudi, Recife ina ndege nyingi zaidi za São Paulo kuliko Maceió. Chagua ya Jumapili asubuhi. Za jioni ndizo wanazogombea waliotoka likizo.